Moyo, shanga au mkufu mrefu: dhahabu gani ya kuchagua ukiolewa Ureno

Mtoto wa dada yangu anaolewa mwezi wa nane mjini Viana do Castelo, kaskazini kabisa mwa Ureno. Juzi usiku alinitumia picha nne na ujumbe wa sauti: "Shikamoo mamdogo. Mama mkwe kanitandazia dhahabu nne mezani, anasema nichague moja ndiyo watanipa. Sijui hata moja inaitwaje. Nichukue ipi?"

Nilicheka kidogo, maana kwetu Tanga bibi harusi haulizwi, anavishwa. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu vitu vinne vile havilingani hata kidogo, na akichagua kwa macho peke yake atachagua vibaya. Mimi mwenyewe niliwahi kuchagua kwa macho nchini humo humo. Nitafika huko.

Tuanze na kwa nini anaulizwa dhahabu na haulizwi friji. Mkoa ule wanauita Minho: vijishamba vidogo vidogo, mizabibu, mahindi, na wanaume waliovuka bahari kwenda Brazil kutafuta maisha. Mwanamke aliyebaki nyumbani hakuwa na benki. Akiuza mayai, akiuza kitani alichokisokota mwenyewe, akiuza ndama, kidogo kilichobaki alikipeleka kwa sonara kikarudi kikiwa dhahabu. Mvua mbaya ikija, dhahabu inarudi kwa sonara. Mtu wa pwani haelezwi zaidi ya hapo. Nani kati yetu hajaona bangili ya mama ikiondoka mkononi mwezi wa ada na kurejea baada ya mavuno, au isirejee?

Tofauti ni kwamba wenzetu wa Minho hiyo akiba waliitundika kifuani, kipande juu ya kipande, sikukuu ikifika. Mpaka leo, katika sherehe za Senhora d'Agonia ambazo siku yake kuu ni tarehe 20 Agosti, wanawake wa Viana huandamana kwa mamia wakiwa na mavazi ya jadi, kifua kizima kikiwaka. Wana neno lao la maringo hayo, chieira, na hawalionei haya.

Kwa hiyo nilimwambia mwanangu asiulize ipi nzuri. Zote nzuri. Ajiulize baada ya harusi atakivaa wapi, kitastahimili vipi, na siku akibanwa kitamrudishia nini.

Moyo

Picha ya kwanza ilikuwa coração de Viana, moyo wa Viana, na ndio uliokuwa umemteka. Si moyo wa kadi ya wapendanao. Juu yake kuna kilele kilichojipinda upande mmoja kama ulimi wa moto, na kweli ni moto: asili yake ni Moyo Mtakatifu wa Yesu, unaochorwa ukitoa miali. Wareno husimulia kwamba ulianza na Malkia Maria I, aliyeagiza moyo wa dhahabu kushukuru kupata mtoto wa kiume. Hadithi ya moyo ni ya mapokeo, lakini ibada yake kwa Moyo Mtakatifu imeandikwa kwenye mawe: alijenga kanisa la Basílica da Estrela mjini Lisbon kutimiza nadhiri aliyoiweka ili apate mtoto wa kiume, kazi ikaanza 1779 na kumalizika 1790. Mwanawe José alifariki kwa ndui 1788, kanisa la shukrani likiwa bado halijakamilika. Huwa nalikumbuka hilo kila nikiona moyo huu dirishani mwa duka.

Moyo wenyewe ni kazi ya filigrana, yaani dhahabu iliyovutwa ikawa uzi. Ukitaka kujua unalipia nini, nenda Gondomar, kando ya Porto, au kijiji cha Travassos huko Póvoa de Lanhoso. Fundi anavuta waya kupitia kibao cha chuma chenye matundu, kila tundu jembamba kuliko lililotangulia, mpaka waya unakuwa kama unywele. Anachukua nyuzi mbili anazisokota pamoja, kisha anazipitisha kwenye mashine zikalala bapa. Ukiangalia ubavu wa uzi huo kwa kioo cha kukuzia utaona vijino vijino, kama ukingo wa sarafu. Anatengeneza fremu ya moyo kwa waya mnene. Halafu inakuja kazi ambayo Gondomar kwa muda mrefu imefanywa na wanawake majumbani mwao, wanaoitwa enchedeiras, wajazaji: kwa kibano wanaukunja ule uzi uwe konokono na herufi S, na kuvipanga ndani ya fremu kimoja baada ya kingine, vishikane kwa kubanana tu. Mwishowe unga wa lehemu unanyunyizwa na moto unapitishwa juu. Moto ukizidi sekunde chache, kazi ya siku nzima inayeyuka ikawa tone.

Sasa sikiliza. Hiyo yote ni kazi ya mikono, nawe unailipia, na inastahili. Lakini siku ukipeleka moyo huo kuuza, sonara ataulaza kwenye mizani. Mizani haioni konokono, inaona gramu. Na kwa kuwa moyo ni matundu zaidi kuliko dhahabu, gramu zenyewe ni chache kuliko ukubwa wake unavyodai. Kati ya vyote vinne, moyo ndio unaopoteza zaidi ukigeuzwa pesa.

Tena unanasa. Juu ya kitambaa kizito cheusi unakaa kama taa. Juu ya shela la lesi, vile vikonokono vinashika nyuzi, na bibi harusi anashinda siku nzima ana mtu wa kumnasua. Ukikatika, fundi wa kuurudisha hapatikani kila mahali. Ukiuleta Tanga, sonara atakuangalia kwa huruma na kukuuliza kama auyeyushe.

Nani achukue moyo, basi? Anayetaka alama ya mahali alipoolewa, ambaye hana mpango wa kuuuza maishani mwake. Na hata huyo namshauri auchukue mdogo, wa saizi ya ukucha wa kidole gumba, wa kuvaa kazini na kanisani. Ule mkubwa kama kiganja ni wa siku tatu kwa mwaka.

Shanga

Picha ya pili hakuijali. Ilikuwa contas de Viana, shanga za dhahabu zilizotungwa kwenye uzi, na kwenye picha zilionekana kama shanga tu. Mimi nikiwa ndiye mwolewaji, ningeanzia hapo.

Kila shanga ni nusu duara mbili zilizolehemiwa zikawa mpira mtupu ndani. Juu yake wanabandika viduara vya waya na katikati ya kila kiduara kitone cha dhahabu. Kwa kuwa ni tupu, shanga inaonekana kubwa na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Hapo ndipo ilipolala akili ya kitu hiki: zilinunuliwa moja moja. Msichana alianza na chache, mavuno mema yakaongeza mbili, mjomba akirudi kutoka Brazil akaongeza tatu, na siku ya ndoa uzi umejaa. Wanaojua kibubu wataelewa. Ni kibubu kinachovaliwa shingoni.

Na kinavyojazwa ndivyo kinavyopunguzwa. Ukibanwa unatoa shanga mbili, uzi unaufunga tena, na jirani hajui. Ukiwa na mabinti watatu unawagawia bila kukata kitu wala kugombanisha mtu. Moyo huwezi kuugawa, na hereni ukitoa moja umeharibu zote mbili.

Ubaya wake ni mmoja na si mdogo: shanga tupu inabonyea. Ukilala nayo, mtoto akiing'ata, ukiipakia sandukuni chini ya viatu, itaingia kishimo, na kishimo hakitoki kirahisi kwa sababu huwezi kuifikia kwa ndani. Uzi nao hubadilishwa kila baada ya muda, usingoje ukatike sokoni.

Kwa kuvaa, hakuna kinachoshinda. Uzi mfupi wa shanga ndogo unakwenda na shati la kazini, na gauni jeupe, na kanzu ya Idi hata, na hakuna atakayesema umejivika makumbusho.

Mkufu mrefu

Cha tatu ni cordão, na hiki kilikuwa cha bibi wa mchumba wake. Ni mkufu wa pete ndogo ndogo, mrefu wa kupita mita mbili, unaozungushwa shingoni mara mbili tatu na bado ukafika kiunoni. Msalaba, moyo au sarafu huning'inizwa hapo. Kwa jamaa wa Minho huu ndio uti wa mgongo; bibi harusi aliweza kukosa vingine, lakini kuolewa bila cordão lilikuwa jambo la kusemwa kisimani.

Ukiupima kwa jicho la akiba unawashinda wote. Hauna ufundi mwingi wa kulipia, kwa hiyo bei yake inakaa karibu na bei ya dhahabu yenyewe. Unaweza kukatwa kwa urefu. Haubonyei kama shanga, haunasi kama moyo. Ukikatika, sonara yeyote wa Mombasa au Muscat ataunga pete moja ukisubiri.

Lakini mkufu wa mita mbili mtu ataupeleka wapi siku ya kawaida? Wengi wanauweka kabatini. Na huu wa bibi una jambo jingine ambalo halipimwi kwa gramu: si wako. Umepewa wewe, kweli, lakini shangazi wa mume anaujua pete kwa pete, na siku ukiuuza kwa shida zako, ukoo mzima utajua kabla hujafika nyumbani. Nilimwambia mwanangu, dhahabu ya urithi wa ukweni ichukue kwa heshima, ivae harusini, lakini usiihesabu kuwa ni akiba yako. Akiba ni kile unachoweza kukitoa bila kikao.

Kuna desturi ya kutundika sarafu ya dhahabu kwenye mkufu huo, na mara nyingi sarafu yenyewe ni paundi ya Kiingereza, libra, kwa sababu Ureno ya karne ya 19 iliikubali kama fedha halali. Mkipewa hiyo, pokeeni kwa mikono miwili. Ni dhahabu ya karati 22, gramu 7.98, na duniani kote bei yake inajulikana. Angalia tu kama imelehemiwa kwenye fremu au imebanwa. Iliyolehemiwa imejeruhiwa na hupungua thamani kidogo.

Hereni

Za nne ni brincos à rainha, hereni za kimalkia, ambazo watu wa Viana huzihusisha na ziara ya Malkia Maria II huko kaskazini mwaka 1852. Kipande cha juu, kipande cha chini kinachoning'inia, na ndani yake kingine kidogo kinachocheza peke yake ukitikisa kichwa. Zipo pia arrecadas, za umbo la mwezi mwandamo, ambazo ukoo wake ni wa kale kuliko Warumi. Sina mengi. Ni nzuri, zinavalika, picha zinatoka vizuri hata kama shingo imeachwa wazi. Kubwa zinavuta ndewe, kwa hiyo avae saa mbili nyumbani kabla ya siku yenyewe. Kwa akiba ziko katikati, na ikipotea moja mchana wa kucheza ngoma, umebaki na nusu ya hadithi.

Karati, na kosa langu

Nilisema nitafika. Miaka iliyopita nilikuwa Porto, nikaingia duka moja karibu na mto, nikaona moyo umekaa kwenye mahameli nyeusi. Nikauliza bei, nikaona ni nafuu, nikajiona mjanja. Muuzaji hakunidanganya kwa neno. Alisema "filigrana ya Kireno" na mimi nikasikia "dhahabu". Nilipofika nyumbani, mwenye duka la sonara alivaa kioo chake jichoni, akageuza moyo, akanionyesha nyuma ya kishikio namba ndogo kama punje ya mtama: 925. Fedha. Fedha iliyopakwa dhahabu. Si kitu kibaya, ninao mpaka leo na ninaupenda, ila niliulipia kwa ujinga wangu.

Kwa hiyo kabla ya umbo, soma namba. Dhahabu ya jadi ya Ureno ni 800, maana yake sehemu 800 katika 1000, ambayo ni karati 19.2. Ni kiwango chao wenyewe, ndiyo maana sonara wetu akikiona hushangaa. Weka hesabu hivi: kipande cha gramu 10 chenye 800 kina gramu 8 za dhahabu tupu, cha karati 22 tulichozoea, chenye 916, kina gramu 9 na kidogo, cha karati 18, chenye 750, kina 7 na nusu. Siku hizi maduka ya Ureno yanauza pia 750, hata 585 na 375, na kwa macho hutazitofautisha. Pamoja na namba, tafuta alama ya karakana na ile ya Contrastaria, ofisi ya serikali inayopima madini, iliyo chini ya kiwanda cha taifa cha kutengeneza sarafu.

Kipi bora, 800 yao au 22 yetu? Kwa kuvaa, 800. Ni ngumu kidogo zaidi, na rangi yake bado ni ya manjano ya kushiba, haijapauka kama karati 18. Kwa kuuza Afrika Mashariki au Ghuba, 22, kwa sababu huko kila sonara ana bei yake ukutani, wakati 800 anaweza kukulipa kama 750 ili asijisumbue. Kwa hiyo ukijua utaishi Ureno, nunua ya Ureno. Ukijua utarudi, waambie wakwe wakupe kidogo cha kuvaa, na akiba yako ifanye nyumbani.

Fedha iliyopakwa nayo ina nafasi yake. Ule moyo mkubwa wa kiganja, kwa siku moja ya harusi, uchukue wa fedha. Picha haijui, na pesa inayobaki inanunua shanga za kweli.

Gauni nalo lina neno

Bado hajaamua nguo, na nguo ndiyo inayoamua uvae kiasi gani. Bibi harusi wa jadi wa Viana huvaa nyeusi. Ndiyo, nyeusi: sketi na koti la sufu lililotariziwa kwa shanga ndogo, kitambaa cheupe chembamba kichwani. Haikuwa msiba. Ilikuwa nguo bora ambayo mtu angeimudu mara moja maishani, kwa hiyo ilishonwa iweze kuvaliwa tena sikukuu zote zinazofuata. Juu ya nyeusi hiyo dhahabu haizidi. Weka moyo, weka mkufu, weka shanga, vyote vinapata pa kukaa. Gauni jeupe la kisasa halibebi hata nusu yake. Ukivaa jeupe, chagua hereni za kimalkia na shingo tupu, au shanga na hereni ndogo. Moyo, mkufu na hereni kubwa pamoja juu ya lesi nyeupe ni duka linalotembea.

Kuna kitu cha tano ambacho hakikuwa mezani, na nilimwomba akiulizie: lenço dos namorados, kitambaa cha wachumba, kinachojulikana sana upande wa Vila Verde. Msichana alikitarizi kwa maua, ndege, funguo na maneno ya mapenzi, akayaandika kama anavyoyatamka, v ikigeuka b kama wanavyosema kaskazini, kisha akampa kijana. Kijana akionekana nacho hadharani, uchumba umekubaliwa. Lenço ndilo lililozaa neno letu leso. Tanga ukisema leso tunafikiri kitambaa cha mkononi, Mombasa ni kanga yenyewe, na kanga tunavyoambiwa ilianzia kwenye vitambaa hivyo vilivyounganishwa. Kule msichana aliandika ujumbe wake kwa sindano, huku tunaununua umeshachapwa. Hakina gramu hata moja, na katika vyote nilivyotaja ndicho pekee ambacho yeye anaweza kumpa mume.

Jana akapiga simu. Mkufu wa bibi ameukubali, atauvaa siku ile na jioni ataurudisha kwenye kabati la mama mkwe, mwenyewe kasema hivyo. Moyo ameukataa. Ameomba shanga.

"Ngapi, mwanangu?"

"Kumi na moja, mamdogo. Mama mkwe alitaka kujaza uzi wote, nikamwambia aache nafasi."